Onyesha Kupatwa kwa Jua na Mwezi kwa Papi Moja na Jua Lenyewe: Mwongozo Kamili

Jaribio la kuonyesha kupatwa kwa Jua kwa tochi na mipira miwili huharibika karibu kila mara, na huharibika kwa namna ileile. Mwalimu anashika mpira mkubwa, mwanafunzi anauzungusha ule mdogo, tochi inawashwa mezani, na kivuli cha Mwezi kinafunika Dunia nzima. Kisha mtoto aliyekaa nyuma anauliza: "Mbona basi Jua halipatwi kila mwezi?" Jaribio linaishia hapo.

Walimu na wazazi wa hapa Dodoma wamenirudishia swali hilo kiasi kwamba nimeona niandike njia inayojibu, hatua kwa hatua. Shida iko kwenye vipimo. Mchoro wa kitabuni unabana Dunia na Mwezi vikae ukurasa mmoja, nasi tunauiga mchoro badala ya kuiga anga. Ukiweka ukubwa na umbali wa kweli, na ukaachana na tochi, maswali mengi yanajibiwa na kivuli chenyewe.

## Vipimo vinavyotawala kila kitu

Dunia ina kipenyo cha kilomita 12,742. Mwezi una kilomita 3,474, yaani kidogo zaidi ya robo ya Dunia. Umbali kati yao ni wastani wa kilomita 384,400. Ukizipanga Dunia 30 kwa mstari, zikigusana, ndipo unafika Mwezini.

Hapo ndipo majaribio mengi yanapokwama. Watu wanaweka Mwezi sentimita 20 kutoka kwenye Dunia ya mpira wa tenisi, wakati nafasi yake ni mita 2.

Jua nalo lina kipenyo cha kilomita 1,392,000 na liko kilomita milioni 150 kutoka hapa. Kwa kipimo cha mpira wa tenisi, ungehitaji Jua lenye upana wa zaidi ya mita 7, lililowekwa karibu mita 800 kutoka uliposimama. Hakuna haja ya kulitafuta. Jua halisi, likitazamwa kutoka hapa, lina upana uleule angani ambao Jua hilo la mita 7 lingekuwa nao. Ndiyo maana tunalitumia lenyewe.

## Vifaa

- Papi moja, urefu wa futi 8. Ile mbao nyembamba inayopigiliwa juu ya kenchi kabla ya bati. Iwe imenyooka. Ufito mnyoofu pia unafaa.
- Mpira wa tenisi. Huu ni Dunia. Una kipenyo cha karibu sentimita 6.7.
- Udongo wa kichuguu uliochekechwa, au zabibu moja ya mviringo kama ni msimu. Huu ni Mwezi. Gololi za kawaida ni ndogo kidogo, ila zinatumika ukikosa kingine.
- Henga mbili za waya za kutundikia nguo, zinyooshwe.
- Vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, vya kufungia.
- Kibanio cha nguo, viwili kama unavyo.
- Rangi nyeupe ya maji au chokaa, maka peni nyeusi, rula, na futi ya fundi.
- Karatasi nyeupe ngumu.
- Ringi ya baiskeli isiyo na tairi, na uzi.
- Maboksi ya kuunganisha yafike urefu wa mita 1, kipande cha foili, sindano na solatepu.

Kama huna mpira wa tenisi, tumia chochote cha duara. Pima kipenyo chake. Zidisha kwa 0.27 upate Mwezi, na kwa 30 upate umbali. Chungwa la sentimita 8 linataka Mwezi wa sentimita 2.2 na umbali wa mita 2.4. Usikadirie kwa macho, kwa sababu jicho siku zote linataka kuusogeza Mwezi karibu.

## Wakati wa kufanya

Fanya kati ya saa 1:30 na saa 3:00 asubuhi. Jua likiwa chini, papi inalala kwa mwinamo mdogo na watoto wanafikia pande zote mbili. Saa 6 mchana Jua la Dodoma liko karibu na utosi, na kusimamisha papi ya mita 2 wima huku unapima milimita ni kazi isiyo na faida.

Sababu ya pili ni upepo. Kuanzia Juni hadi Septemba anga letu ni safi kabisa, lakini upepo nao huchachamaa kadiri asubuhi inavyosogea. Mwezi wa udongo kwenye waya mwembamba utatikisika na kivuli kitacheza. Tafuta upande wa jengo unaokinga upepo na wenye jua.

## Hatua ya 1: Tengeneza Dunia

Paka mpira wa tenisi rangi nyeupe mara mbili, uache ukauke. Kwenye manyoya ya kijani au njano kivuli hafifu hakionekani, nacho ndicho tunachokitafuta.

Chora mstari wa ikweta kuzunguka mpira. Kisha weka nukta ya Dodoma milimita 3.5 kusini mwa mstari huo, kwa kuwa mji wetu uko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Chini ya milimita 2 kutoka hapo, kuelekea kusini-magharibi, weka nukta nyingine: hiyo ni Rujewa, wilayani Mbarali. Tutaihitaji.

Toboa mpira upande wa chini, uchomeke kwenye waya wa henga. Pinda waya huo ili mpira ukae sentimita 25 juu ya papi na sentimita 10 pembeni yake. Sababu: kivuli cha papi na cha nguzo za waya visiangukie Dunia vikachanganya watu.

Umefanikiwa ikiwa mpira hauzunguki wenyewe unapoitikisa papi.

## Hatua ya 2: Tengeneza Mwezi

Finyanga udongo uwe tufe la sentimita 2, kwa kuwa utanywea ukikauka. Kabla haujakauka, chomeka waya mwembamba wa sentimita 10 ubavuni. Kausha kivulini. Ukianika juani utapasuka.

Kupima tufe dogo kwa rula kunawashinda wengi. Libane kati ya vitabu viwili vilivyosimama wima, kisha pima nafasi kati ya vitabu. Unatafuta sentimita 1.8. Likizidi, lisugue kwa msasa. Kosa la milimita 2 hapa linabadilisha kabisa utakachokiona katika hatua ya 6.

Paka nyeupe.

## Hatua ya 3: Funga kwenye papi

Funga waya wa Dunia karibu na ncha moja ya papi kwa mpira wa tyubu. Pima kutoka katikati ya Dunia hadi sentimita 202, weka alama. Weka alama nyingine kwenye sentimita 187 na 214. Hizo ndizo nafasi za Mwezi ukiwa karibu kabisa (kilomita 356,500 hivi) na ukiwa mbali kabisa (karibu kilomita 406,700), maana njia yake kuizunguka Dunia si duara kamili.

Kwenye alama ya 202 simamisha waya wa pili, wenye urefu wa sentimita 45, wima kabisa kwa papi. Ufunge kwa tyubu ili uweze kuusogeza mbele na nyuma. Ubanie Mwezi kwa kibanio, ukielekea upande uleule ambao Dunia imeelekea, na katikati ya Mwezi iwe sentimita 25 juu ya papi, sawa na katikati ya Dunia.

Kwenye waya huo wima, weka alama sifuri hapo ulipobania. Juu ya sifuri weka alama za sentimita 1.5, 3, 5 na 18. Zote zina kazi.

Kabla ya kuendelea, waite watoto waitazame papi. Wengi hawaamini kwamba Mwezi uko mbali hivyo na ni mdogo hivyo. Wape muda. Hata ukiishia hapa, wameshapata jambo ambalo kitabu hakikuwapa.

## Onyo kabla ya kutoka nje

Hakuna hatua hata moja hapa inayohitaji mtu kulitazama Jua. Mtu akisema "ngoja nione kama papi imenyooka" huku anachungulia kuelekea Jua, msimamishe papo hapo. Sehemu ya ndani ya jicho inayopokea mwanga haina hisia ya maumivu, hivyo inaungua bila mtu kujua, na kovu lake halitibiki. Kwa kazi yote hii watoto wanaligeuzia Jua mgongo au ubavu.

## Hatua ya 4: Elekeza papi kwa kutumia kivuli

Ncha ya Mwezi ielekee Jua. Ncha ya Dunia iwe chini. Saa 2 asubuhi ncha ya Mwezi itakaa juu ya kiti. Saa 3 utahitaji meza.

Angalia kivuli cha papi ardhini. Izungushe kushoto na kulia hadi kivuli chake kilale sambamba nayo. Kisha inua au shusha ncha ya Mwezi. Kivuli kitazidi kufupika. Kikibaki kipande kidogo tu, umekaribia. Sasa shika karatasi nyeupe nyuma ya Dunia, utafute kivuli kidogo cha Mwezi pembeni ya kivuli kikubwa cha Dunia, na ukisogeze polepole hadi kiingie juu ya mpira.

Kazi hii inataka watu wawili, mmoja kila ncha, na anayeongoza ni yule wa upande wa Dunia. Wakishindana kusogeza, mtakesha.

Jua halisubiri. Kwa dakika moja kivuli cha Mwezi kinatambaa karibu sentimita 1, kwa hiyo utahitaji kurekebisha kila mara. Waeleze watoto kwamba mwendo huo unatokana na Dunia yetu kujizungusha. Usiwaache wafikiri ni Mwezi wa udongo unaozunguka.

## Hatua ya 5: Kupatwa kwa Jua

Kivuli kikiwa juu ya mpira, inama utazame kwa karibu. Utaona doa la kijivu lenye upana wa sentimita 3.5 hivi, limekolea katikati na kufifia kwenye kingo. Nusu nyingine ya upana wa Dunia inaendelea kupata jua kama kawaida.

Hapa ndipo walio wengi wanapodhani wamekosea, kwa sababu walitarajia kivuli cheusi. Hamjakosea. Jua ni pana, si nukta, hivyo Mwezi unatoa vivuli viwili. Kiini ni pale ambapo Jua limezibwa kabisa. Kivuli chepesi kinachokizunguka ni pale ambapo limezibwa upande tu. Aliye ndani ya kiini anaona kupatwa kamili. Aliye kwenye kijivu anaona Jua limemegwa. Aliye nje haoni lolote, hata kama ni siku ileile na saa ileile.

Sasa sogeza papi ili sehemu iliyokolea ianguke kwenye nukta ya Rujewa. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 1 Septemba 2016. Karibu na saa 6 mchana watu waliokusanyika Rujewa waliona Jua limebaki pete ya mwanga, na sisi wa Dodoma tukaona limemegwa sana lakini pete haikutimia. Kati ya miji hiyo ni kilomita 300 na kidogo kwa mstari ulionyooka. Ukanda wa pete ulikuwa na upana wa kilomita 100 hivi, ambao kwenye mpira wetu ni nusu milimita. Mtoto akiona nukta mbili zilivyokaribiana, anaelewa bila kuhubiriwa kwa nini watu husafiri kukimbilia kivuli.

Umefanikiwa ikiwa mtoto anaweza kuonyesha kwa kidole: huyu anaona kamili, huyu nusu, huyu haoni.

## Hatua ya 6: Kamili au pete?

Sogeza waya wa Mwezi hadi alama ya 187. Elekeza upya. Kiini kinakuwa nukta nyeusi ya milimita 1 hivi, iliyo wazi. Huku ni kupatwa kamili.

Sogeza hadi 214. Nukta nyeusi inapotea, na katikati panabaki kijivu kilichokolea tu. Kiini cha kivuli cha Mwezi huu kina urefu wa karibu sentimita 197, kwa hiyo kinaishia hewani kabla ya kugusa mpira. Aliyesimama chini yake angeona Mwezi mdogo mno kuziba Jua lote, na ukingo wa Jua ungebaki kama pete.

Jua ni pana kuliko Mwezi mara 400 hivi, na liko mbali zaidi kwa karibu mara hizohizo. Ndiyo sababu vinatoshana angani kwa shida, na kilomita elfu kadhaa za umbali wa Mwezi zinaamua kama ni giza au pete. Hata katika hali nzuri kabisa, giza kamili mahali pamoja halizidi dakika 7 na nusu.

## Hatua ya 7: Geuza papi, uone kupatwa kwa Mwezi

Rudisha Mwezi kwenye 202. Geuza papi: Dunia ielekee Jua, Mwezi uwe chini. Elekeza kama ulivyofanya kwanza.

Hatua hii ni rahisi, na urahisi wake una maana. Kivuli cha Dunia kikifika kwenye Mwezi bado kina kiini chenye upana wa karibu sentimita 4.8, zaidi ya mara mbili na nusu ya upana wa Mwezi. Mwezi unaingia wote, na unabaki humo kwa muda. Shika karatasi nyuma ya Mwezi uwaonyeshe watoto duara lote la kivuli.

Linganisha na hatua ya 5. Kule, kivuli kidogo kiligusa kipande cha Dunia. Huku, Mwezi wenyewe umetiwa gizani, kwa hiyo kila aliye upande wa usiku anauona ukiwa hivyo, awe Dodoma, Manyoni au Kondoa. Usiku wa 7 Septemba 2025 Mwezi ulikuwa ndani ya kiini kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52. Ule wa 27 Julai 2018 ulidumu dakika 103, mrefu kuliko wowote wa karne hii.

Jambo moja papi haiwezi kulionyesha: wekundu. Mpira wa tenisi hauna hewa. Dunia inayo, na hewa hiyo inapinda mwanga wa Jua na kuuingiza ndani ya kivuli. Rangi ya samawati hutawanywa njiani, nyekundu ndiyo inayofika. Mwezi unapokuwa na rangi ya shaba, unamulikwa na mawio na machweo yote ya Dunia kwa wakati mmoja.

Umefanikiwa ikiwa tufe jeupe limepoteza mwanga wote, na ukilisogeza pembeni polepole linang'aa upande mmoja kwanza.

## Hatua ya 8: Jibu la mtoto wa nyuma

Rudisha papi kama hatua ya 5, kivuli kikiwa juu ya Dunia. Sasa pandisha Mwezi kwenye waya hadi alama ya 18.

Kivuli kimetoka. Hakipo kwenye mpira kabisa. Kitafute kwa karatasi, utakikuta kinapita hewani mbali na Dunia.

Njia ya Mwezi imeinama nyuzi 5 na kidogo ukilinganisha na njia ya Dunia kuzunguka Jua. Kwenye mchoro wa kitabu nyuzi 5 hazionekani. Kwenye papi ya mita 2 ni sentimita 18, karibu Dunia 3 zikipangwa juu kwa juu. Kila siku 29 na nusu Mwezi unapita upande wa Jua, ila mara nyingi unapita juu mno au chini mno.

Ushushe polepole. Ukifika alama ya 5, ukingo wa kijivu unaanza kugusa mpira: kupatwa kwa sehemu, huko karibu na ncha za Dunia. Ukikaribia sifuri, kiini kinatua. Geuza papi urudie kwa Mwezi: kwenye alama ya 3 tufe linaanza kumegwa, na kwenye 1.5 linazama lote.

Watoto wafanye wenyewe hatua hii, kila mmoja kwa zamu. Nikilazimika kuchagua hatua moja ya kubaki nayo kati ya hizi zote, nachagua hii.

Hapohapo sahihisha kosa la pili linaloenea sana, kwamba Mwezi mchanga na nusu Mwezi husababishwa na kivuli cha Dunia. Papi inaonyesha kivuli cha Dunia kiko wapi: nyuma yake, kwenye mstari mmoja, na Mwezi unaweza kukigusa tu ukiwa mpevu. Anayefuata kalenda ya Hijria ataona mambo yanalingana: Mwezi hupatwa katikati ya mwezi wa kalenda, Jua hupatwa mwishoni mwake, siku moja au mbili kabla ya mwandamo.

## Hatua ya 9: Kwa nini kuna misimu ya kupatwa

Weka kiti katikati ya uwanja. Hicho ni Jua. Ringi ya baiskeli ni njia ya Mwezi, na Dunia iko katikati yake. Funga uzi kukatiza ringi kutoka mashariki hadi magharibi.

Wanafunzi wawili waishike ringi ikiwa imelala, ukingo wa upande wa Kondoa (kaskazini) ukiwa juu kuliko ule wa upande wa Iringa (kusini) kwa sentimita 5 hadi 6. Wakizunguke kiti, lakini ukingo ulioinuka ubaki umeelekea Kondoa muda wote. Hapa ndipo wanapokosea: wanageuka na ringi inageuka nao. Wafundishe kutembea kiubavu na kinyumenyume.

Wakiwa kaskazini au kusini ya kiti, uzi hauelekei kiti. Mwezi ukipita upande wa Jua uko juu au chini. Wakifika upande wa Morogoro (mashariki) au wa Manyoni (magharibi), uzi unanyooka kuelekea kiti. Hapo Mwezi unavuka usawa wa Jua, na kupatwa kunawezekana. Mzunguko mmoja ni mwaka, na uzi umenyooka mara mbili. Kila msimu huchukua siku 35 hivi, kwa hiyo kupatwa huja kwa jozi: wiki mbili baada ya Mwezi kupatwa ile Septemba 2025, tarehe 21, Jua nalo lilimegwa, ila kivuli kilipita pande za New Zealand.

Ringi halisi nayo inageuka taratibu kinyumenyume, na misimu huwahi kwa siku 19 hivi kila mwaka. Linganisha tarehe ya kupatwa kwa Septemba 2016 na ile ya Julai 2018, utaiona tofauti hiyo.

## Hatua ya 10: Tengeneza kupatwa kwako, ukitazame kwa usalama

Unganisha maboksi yafike mita 1, yafungwe yasipitishe mwanga. Ncha moja kata dirisha dogo, ulizibe kwa foili, toboa foili kwa sindano mara moja tu. Ncha ya pili bandika karatasi nyeupe kwa ndani, na karibu nayo toboa dirisha la kuchungulia ubavuni.

Elekeza tundu kwenye Jua, mgongo wako ukiwa upande wa Jua. Kwenye karatasi utaona duara la mwanga la milimita 9. Hiyo ni sura ya Jua. Isipoonekana, boksi linavujisha mwanga; ongeza solatepu.

Sasa ondoa mpira wa Dunia kwenye papi na uweke tundu la boksi mahali pake, ili kiini cha kivuli cha Mwezi kiangukie kwenye tundu. Jua la karatasini litamegwa, litakuwa hilali, na ukiwa mtulivu litakuwa pete au litafungwa. Tufe la udongo la sentimita 1.8 limelipata Jua kwa sababu kila kipimo ni cha kweli.

Ukishindwa kulishika tulivu, egemeza boksi na papi kwenye matofali. Upepo ukivuma, subiri kesho yake.

## Siku yenyewe ikifika

Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli cha kupatwa kamili kitapita Afrika ya Kaskazini, Misri, Saudi Arabia, Yemen na kaskazini mwa Somalia. Dodoma itakuwa kwenye kivuli chepesi, mchana, katika msimu wetu wa anga safi. Tarehe 31 Desemba 2028 Mwezi utapatwa wote jioni, saa chache kabla ya mwaka mpya, tukiuona upande wa mashariki, mawingu ya mvua yakiruhusu. Na 21 Mei 2031 pete itapita tena Tanzania.

Kwa Mwezi huhitaji kinga yoyote. Kwa Jua, tumia boksi la hatua ya 10, au simama chini ya mwembe: mianya kati ya majani ni matundu ya kutosha, na ardhini utaona hilali nyingi kwa pamoja. Ukitaka kulitazama moja kwa moja, iwe kwa miwani maalumu yenye alama ya ISO 12312-2, isiyo na mkwaruzo wala tundu. Filamu ya eksirei, miwani ya jua ya dukani, santuri za CD na beseni la maji havikingi jicho, hata kama Jua linaonekana hafifu kupitia kwao. Kioo cha kuchomelea kinafaa tu kikiwa namba 14, na vingi vya mafundi wetu viko chini ya hapo.

Miwani hiyo huadimika wiki ya mwisho, na za bandia huingia hapo. Shule inayoitaka kwa Agosti 2027 iagize mapema, na kabla ya kugawa, kila moja ijaribiwe ndani ya nyumba: ukiivaa ukatazama taa ya kawaida, isiruhusu kuona chochote, au ionyeshe taa kwa ufifi sana.